Ndizi Zilizoiva Bila Moto

Mtoto wa tatu wa Mama Praygod wa Mamba, mlimani Kilimanjaro, hakuzaliwa na kitako cha kukalia. Ndivyo wanavyomsema kule juu hata leo, na sidhani kama wanamsingizia. Kanisani alikuwa anahesabu vioo vya madirisha badala ya kusikiliza mahubiri. Msimu wa kuchuma kahawa alikuwa anaacha kikapu chini ya mti na kupanda kufuata mfereji, aone maji yanatoka wapi. Siku ya kipaimara, wenzake wamepiga magoti kimya, yeye alionekana akinusa mshumaa. "Wewe Eunike, utakuja kupata mume gani?" mama yake alimwuliza siku hiyo hiyo, na gauni jeupe bado liko mwilini. Eunike akajibu kwamba atapata anayekimbia. Jamani, mtoto yule!

Mume hakumpata, au tuseme hakusimama mahali pamoja muda wa kutosha aonekane. Alichopata ni kazi. Mwaka wa tisini na tisa, akiwa na miaka thelathini na mitatu, alikuwa fundi sanifu katika maabara moja ndogo ya utafiti mjini Moshi, vyumba viwili tu na friji inayonguruma, naye amepanga chumba Rau karibu na msitu. Kila Jumamosi alipanda kwa mama yake. Kila Jumapili jioni alishuka, mkononi kichane kimoja cha ndizi na kibuyu cha maziwa mgando.

Miaka hiyo kahawa ilikuwa imeshachosha watu. Bei ilianguka, ikaanguka tena, chama cha ushirika kikawa hakieleweki, wanunuzi binafsi wakaja na mizani yao ya ajabu ajabu, na wengi kule juu wakaanza kung'oa mikahawa waliyoachiwa na baba zao. Wakapanda nyanya, wakaongeza migomba. Kwa hiyo wenye mradi wa utafiti kutoka Ujerumani walipouliza migomba ya mlima huu ina nini ndani yake, hakuna aliyeshangaa. Aliyepewa kazi ya kuwajibu alikuwa Eunike.

Ndani ya ndizi mbivu mna protini moja yenye tabia ya kunasa sukari. Si sukari yoyote, inachagua. Wataalamu walitaka kujua inainasaje, maana kitu kinachojua kuchagua na kunasa kinaweza siku moja kuwafaa waganga. Sasa, protini haionekani, wala sukari inapokaa juu yake haionekani. Huko Ujerumani walikuwa na mashine ya kuitazama kwa mwanga wa urujuanimno, mwanga ambao hata wenyewe jicho haliuoni, kwa njia inayoitwa Raman.

Eunike alimweleza mama yake hivi, wakiwa wanamenya ndizi za mchana.

"Mama, chukulia ile protini ni kiti, na sukari ni mgeni. Ukiipiga ule mwanga, karibu wote unarudi vile vile ulivyokwenda. Lakini kiasi kidogo mno kinarudi kimebadilika. Hicho ndicho kinachokwambia kiti kinatetemekaje. Kikiwa kitupu kina mtetemo wake, kikikaliwa kina mwingine. Sisi tunaona mistari kwenye karatasi tu. Mstari ukisogea, tunajua kuna mtu amekaa."

"Na mgeni mwenyewe hamumwoni?"

"Hatumwoni."

"Basi ni kama mimi na pipa la pombe ya mbege," mama akasema. "Nikiligonga na vidole najua limefika wapi. Sifungui." Akacheka, akaitupa ndizi iliyomenywa kwenye sufuria. "Sikujua nimesoma hivyo."

Mama Praygod, jina lake la ubatizo Elizabeth, alikuwa na mkono wa kuivisha ndizi. Hilo si jambo dogo kule juu, usilichukulie kijuujuu. Harusi ikikaribia, watu walitoka mpaka Mwika kumletea mikungu yao ya mbege, aiweke darini jikoni kwake, juu ya mafiga, aifunike majani makavu ya mgomba, awashe moto mdogo asiouacha uzimike wala uwake sana, na aigeuze kila asubuhi. Siku ya tisa ilishuka imeiva sawasawa, mkungu mzima rangi moja. Alikuwa mjane mwenye ng'ombe mmoja na nyumba ya mabati yenye kutu, lakini kwa kuivisha ndizi hakuna aliyemfikia, naye alijua.

Basi Eunike alipomwambia mwezi wa nne, "Mama, nataka mkungu mmoja wa ndizi za mrarao, uniivishie vizuri, ni wa kazi ya Ulaya," mama hakuuliza swali la pili. Vizuri ni vizuri. Eunike akarudi baada ya siku tisa, akaukuta mkungu umeiva vizuri mno, maganda yameanza kupasuka, akaubeba. Maabara alisaidiana na mwenzake Wenseslaus, Mkibosho mmoja mwenye maneno mengi kuliko kazi ingawa kazi nayo aliifanya: wakaponda, wakachuja, wakazungusha kwenye mashine, wakasafisha, mpaka ikabaki kwenye chupa ndogo ndogo unga mweupe usiojaza kijiko cha chai. Kulikuwa na fomu ya kujaza. Penye "njia ya kuivisha", Eunike aliandika neno moja: kawaida.

Kawaida! Mtu amezaliwa kwenye nyumba ile, amelala utotoni hatua sita kutoka kwenye mafiga, nywele zake na daftari zake zote zimenuka jikoni mpaka anakwenda sekondari. Angeandika nini kingine?

Mwezi wa sita akapanda ndege na chupa zake. Mama naye akajulikana usharika mzima. Alisimama nje ya kanisa baada ya ibada akawaambia wenzake kwamba ndizi zake ziko Ujerumani, zinasomeshwa.

Kule Eunike alipewa miezi mitatu. Bwana mwenye maabara, Profesa Lenz, alikuwa mzee mrefu mwenye sauti ya chini, na alimfundisha mwenyewe. Mashine ilijaza chumba kizima. Mtu anavaa miwani mizito, anafunga mlango, na sampuli inazungushwa muda wote kwenye kijineli, kibomba chembamba cha kioo maalumu, kwa sababu mwanga ule ukikaa mahali pamoja unaunguza. Eunike alikipenda kile kijineli mara moja. Alimwambia profesa kwamba hapo ndipo alipokutana na kitu chenye tabia yake, na mzee akacheka mpaka akavua miwani.

Wiki ya pili walipima protini tupu, bila kuitia sukari, ili waujue mtetemo wa kiti kabla ya mgeni. Mstari waliokuwa wanautafuta ulikuwa umeshasogea. Wakarudia. Umesogea. Wakafungua chupa nyingine, wakarudia siku tatu mfululizo, mstari uko pale pale pasipotakiwa. Maana yake ni moja: kiti kilikuwa na mtu tayari. Ndizi ya Kilimanjaro ilikuja Ujerumani na mgeni wake amekaa, na alipooshwa alikataa kutoka.

Profesa Lenz alizunguka chumba kile mikono nyuma. Hakuna aliyewahi kuandika jambo kama hilo, alisema. Likithibitika, litaandikwa, na jina la Eunike litatangulia. Kisha akasema lile lililomwondolea Eunike usingizi, chakula na kila kitu: mwezi wa tisa kamati ya chuo itachagua mtu mmoja wa kusomeshwa miaka minne mpaka udaktari, na kwa matokeo haya atalipeleka jina lake.

Miaka minne na mashine ile! Eunike alitoka nje akatembea. Alitembea kando ya mto mpaka nyumba zikaisha, akarudi, akapanda treni ya mjini mpaka mwisho wa njia, akapanda nyingine ya kurudi. Furaha ilikuwa inamchemka, na chini ya furaha palikuwa na kitu kingine asichoweza kukitaja, kama mtu aliyefunga safari na anahisi ameacha kitu nyumbani. Alihesabu kila kitu mkobani. Pasipoti ipo, funguo zipo. Alilala, akaamka, kitu kile bado kipo.

Kilikuja kutajwa na mtu mwingine. Asubuhi moja ya baridi Eunike alivaa sweta la kijivu alilofumiwa na mama yake, ambalo lilikuwa limelala chini ya sanduku tangu alipofika. Mwanafunzi mmoja Mjerumani waliyekaa naye meza moja akakunja pua, akamwuliza kwa upole kama kwao nyumba iliwahi kuungua.

"Kuungua? Hapana. Kwa nini?"

"Sweta lako linanuka moto."

Eunike alicheka. "Hiyo si harufu ya moto, ni harufu ya nyumba—" akaanza. Akalivuta sweta puani. Akanusa tena. Ee Mungu wangu, akasema kwa Kiswahili, peke yake kwenye chumba cha watu wanane, na kikombe cha kahawa kikammwagikia mapajani.

Moshi. Siku tisa juu ya mafiga, maganda yamepasuka, na moshi una vitu vyake vinavyopenda kushika protini na kutoiachia. Hilo aliwahi kulisoma, na wanaokausha nyama wanalijua bila kusoma. Mgeni aliyekaa kitini hakuzaliwa kwenye mgomba. Alitoka kwenye kuni za mama.

Au hakutoka huko! Nani kasema? Siku mbili Eunike alibishana na nafsi yake. Hakuwa na uhakika. Fomu ilisema kawaida, na kawaida si uongo. Profesa hajawahi kuona jiko la Mchaga, hataota kuuliza. Akinyamaza, mwezi wa tisa unafika, jina linapita. Alinawa mikono mara kumi kwa siku. Alianza barua, akaichana. Siku ya tatu akapiga simu ofisi ya usharika wa Mamba, akamwomba karani amwite mama yake kesho yake saa tatu asubuhi.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu! Hujambo? Unakula? Ndizi zangu zinasemaje?"

"Mama, zile ndizi uliziivishia wapi?"

"Darini, wapi tena? Moto wa mikahawa ya baba yako, ile tuliyong'oa. Sikuweka kuni za hovyo. Na niliamka kila siku kuzigeuza."

Hapo ndipo Eunike alipopandwa na wazimu. Mwenyewe anakiri. Alipiga kelele kwenye simu ile mpaka watu wa korido wakageuka. "Mama, umeniharibia! Kazi yote! Nani alikwambia uziweke kwenye moshi?"

Sauti ya mama, ndogo: "Uliniambia niivishe vizuri."

"Nataka nyingine. Sikia, mama. Zisiguswe na moshi hata kidogo. Jikoni zisikanyage. Na anayezishika asiwe ametoka jikoni, nguo zake zisinuke moshi, mikono yake isinuke moshi. Umesikia? Wenseslaus atakuja kuzichukua." Akakata simu. Hakusema kwaheri, hakusema asante. Kadi yake ya simu ilikuwa bado ina dakika sita.

Ilikuwa mwezi wa saba. Wewe unayekaa Kahe huko bondeni hutaelewa, lakini Mamba mwezi wa saba ukungu unaanza asubuhi na unaondoka ukitaka, maji ya mfereji yanauma vidole, na ndizi mbichi ukiiweka mezani inakutazama tu wiki tatu, kijani vile vile. Ndizi haiivi bila joto. Eunike alikulia huko. Anajua. Lakini siku ile alikuwa na mambo yake, hakujiuliza mama atalitoa wapi hilo joto.

Chupa mpya zilifika katikati ya mwezi wa nane, mfukoni mwa Mchungaji Elisaria aliyekwenda kuutembelea usharika rafiki wa huko. Wenseslaus aliambatanisha kikaratasi: "Dada Eunike, ndizi za safari hii zimeiva kama yai. Nilimwuliza mama yako kafanyaje, akanifukuza."

Eunike akaziweka kwenye friji. Siku mbili akaziacha humo, akijifanya ana kazi nyingine. Ajabu, mtu asiyejua kukaa kitako sasa alikaa mbele ya mlango wa friji kama mlinzi. Asipozipima hazijasema kitu, na zisiposema kitu ameshinda. Siku ya tatu alisema basi, liwalo na liwe, akavaa miwani, akafunga mlango.

Mstari ulikuwa mahali pake. Kiti kitupu. Akatia sukari, mstari ukasogea kidogo, kwa adabu, kama vitabu vilivyokwisha kusema kwamba utasogea. Akarudia mara nne, akichungulia kila mara kama anayetegemea kuonewa huruma. Hakuna. Ndizi ya Kilimanjaro ilikuwa ndizi kama nyingine, na ule ugunduzi wote ulikuwa moshi wa jikoni.

Alikwenda kwa Profesa Lenz na karatasi zote mbili, akamweleza dari, mafiga, majani makavu, na neno kawaida. Alitegemea kufokewa. Mzee aliziweka karatasi sambamba, akazitazama muda mrefu, akamwambia amefanya sawasawa. Kisha akasema pia, maana hakuwa mtu wa kudanganya, kwamba kwa matokeo haya hawezi kulipeleka jina lake kwenye kamati. Eunike akasema ameelewa. Alitembea mpaka chumbani akalia kwa hasira, na hasira yenyewe hajui ni ya nani.

Mwisho wa mwezi wa nane alirudi. Kamati ilimchagua mtu mwingine. Eunike akaanza tena kazi mjini, na Jumamosi ya kwanza hakupanda kwa mama. Ya pili pia. Akatoa sababu: mafua, mvua, friji imeharibika. Ukweli ni kwamba alikuwa anaona aibu, na aibu yake aliivalisha nguo za kinyongo, akawa anajiambia kwamba kama si lile dari leo angekuwa mwanafunzi wa udaktari. Jioni alizunguka msitu wa Rau mpaka walinzi wakamzoea. Wenseslaus alimwambia, "Dada, utaimaliza barabara ya watu kwa kuikanyaga," na yeye akamwambia afunge domo.

Mwezi wa kumi ikaja barua ya Profesa Lenz. Alikuwa amefikiri. Ile habari ya moshi nayo ni habari, aliandika. Wapo watafiti wengi wanaopokea vyakula kutoka majikoni ya watu bila kuuliza, na inafaa waonywe. Itakuwa makala fupi, ukurasa na nusu, na jina la Eunike litatangulia. Ila kuna swali ambalo kila msomaji atauliza. Zile ndizi za pili, katika mwezi wa baridi, mahali pa juu vile, bila moto, ziliivishwaje? Ameambatanisha fomu. Ajaze njia, siku ngapi, na joto kiasi gani.

Hapo hakuwa na ujanja. Jumamosi akapanda.

Mama hakuwepo, alikuwa kwenye kikao cha umoja wa wanawake. Jikoni alimkuta Hellen, mke wa kaka yake Praygod, mwanamke mpole aliyeishi na mama kwa sababu Praygod mwenyewe alikuwa dereva wa malori na nyumbani anafika kama mgeni. Moto ulikuwa unawaka, sufuria inatokota.

"Wifi! Tumekuona leo," Hellen akasema, na ndani ya salamu mlikuwa na mwiba. "Kaa basi."

"Sikai. Wifi, nina swali moja. Zile ndizi za mwezi wa saba, mama aliziivishaje?"

Hellen akaendelea kukoroga. "Aliniambia nisikwambie."

"Kwa nini?"

"Muulize mwenyewe."

"Hellen, nakuomba."

Hellen akaweka mwiko juu ya mfuniko. Akasema kwa kumtazama usoni, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo.

"Siku uliyopiga simu alikwenda na wenzake watatu. Unajua hilo? Aliwachukua kusudi wasikie ndizi zake zinavyosifiwa. Walikuwa wamemzunguka pale mezani kwa karani, na wewe sauti yako inajulikana. Alirudi hapa hakusema kitu. Akachukua maji, akamwaga kwenye mafiga. Siku kumi na moja, wifi, moto haukuwashwa nyumbani hapa, kihamba kizima. Mimi nilipikia kwa jirani. Nikimletea chai anatoka kuipokea njiani, nisisogee, eti nimetoka kwenye moshi. Alifua nguo zake zote. Akavaa za kanisani, kwa kuwa ndizo zinazokaa sandukuni."

"Na ndizi?"

"Aliziweka kitandani kwake."

Eunike akashika nguzo ya mlango.

"Alizitandikia kitenge kipya, akazifunika yale mablanketi yake mawili. Haziivi. Baridi ilikuwa ile unayoijua. Siku ya tatu akaingia kulala nazo, akazikumbatia hivi, kama mtoto mchanga. Mchana na usiku. Akitoka ni kwenda kujisaidia na kumtupia ng'ombe majani. Mablanketi yote yamefunika upande wa ndizi, yeye mgongo uko nje. Alipata kikohozi, na hata leo hakijaisha vizuri. Nikamwambia, mama, hebu mwandikie Eunike kwamba haiwezekani. Akaniambia nisithubutu."

"Sasa kwa nini usiniambie? Kwa nini alikataza?"

"Alisema ukijua amelala nazo utasema amezichafua kwa jasho."

Eunike alikaa chini pale pale mlangoni, kwenye majivu, na suruali yake nzuri ya mjini, akalia kwa sauti. Hellen akamwacha. Hakumbembeleza, na alifanya vizuri.

Mama alimkuta bado amekaa hapo. Aliingia uani taratibu, Biblia kwapani, akakohoa kidogo kabla ya kumwona. Alipomwona alisimama. Hakukimbilia kumkumbatia kama zamani. Alisimama mbali, pale pale karibu na banda la ng'ombe, akaishika ile Biblia kwa mikono miwili.

"Mama, shikamoo," Eunike akasema.

"Marahaba." Akamtazama. Akatazama mlango wa jiko, akatazama chini. "Zimeharibika tena?"

"Hapana, mama. Hazikuharibika. Zilikuwa safi. Hawajawahi kuona ndizi safi kama zile."

"Hata jasho?"

"Hata jasho. Mama, nisamehe. Nilikukosea sana, na mbele ya watu."

Mama akaja, akainama kwa shida, akamfuta majivu shavuni kwa ncha ya kitenge, kwa nguvu, kama alivyokuwa akimfuta makamasi. "Inuka huko chini," akasema. "Mtu mzima. Na wewe ndiye usiyejua kukaa, leo umekaa kwenye majivu."

Waliingia ndani. Eunike akaitoa ile fomu, akaiweka juu ya kitanda kile, maana mezani hakukuwa na nafasi, akapiga magoti kuijaza. Mama alikaa ukingoni akiangalia kalamu inavyokwenda. Penye njia ya kuivisha Eunike aliandika: kitandani kwa mama yangu, chini ya mablanketi yake mawili, bila moto. Penye siku, kumi na moja. Alipofika kwenye joto alisita, kalamu imesimama.

"Hapo wanauliza nini?" mama akataka kujua.

"Joto, mama. Lilikuwa kiasi gani, na lilitoka wapi."

"Sasa si unajua lilitoka wapi?"

Eunike akaandika: joto la mwili wa mtu mmoja, Elizabeth, miaka sitini na minane. Profesa Lenz aliandika baadaye akiuliza kama kweli anataka mstari huo uchapishwe hivyo, na Eunike akamjibu kwamba abadilishe chochote kingine anachotaka.